Seymour Alipe Mwenyewe: Hotuba kwa Wanafunzi wa Sanaa za Maonyesho

Asalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristu. Bwana asifiwe. Na ambao salamu zangu hazijawafikia, habari za jioni.

Walimu wangu mliokaa mbele, wazazi mliofunga safari kuja kuona watoto wenu wanasomea nini hasa, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli: nimeombwa nizungumzie mapenzi na ukombozi katika sanaa ya jukwaani. Mada hiyo ina hatari ya kutulaza usingizi sote, mimi wa kwanza. Kwa hiyo nimeamua kuipitisha kwenye mdomo wa mmea unaokula watu.

Mchezo wenyewe unaitwa Little Shop of Horrors. Ni tamthilia ya muziki ya Kimarekani, ilipanda jukwaani New York mwaka 1982, na ni ya kuchekesha kuanzia mwanzo mpaka mtu wa mwisho anapoliwa. Lakini hadithi yake nikiwasimulia bila majina mtadhani nimeiokota Kariakoo. Kuna kijana yatima, fukara wa kutupwa, anafanya kazi kwenye duka la maua lisilo na wateja. Bosi anamfokea kutwa. Anampenda binti wanayefanya naye kazi, ila hathubutu kutamka. Siku jua limepatwa, anauziwa mmea mdogo wa ajabu kwa dola 1.95. Mmea unanyong'onyea. Anaumwagilia, anautilia mbolea, wapi. Mpaka siku anajichoma kidole na mwiba wa waridi, tone la damu linadondoka, na mmea unanyanyua kichwa. Kuanzia hapo wateja wanamiminika, redio inamwita, mmea unanenepa, na damu ya vidole haitoshi tena. Usiku mmoja mmea unafungua mdomo na kusema: nilishe.

Hapa kwetu hilo halihitaji ufafanuzi. Huo ni utajiri wa masharti. Kijana amefuga jini. Nani kati yenu hajawahi kusikia habari za tajiri fulani ambaye kila akifungua duka jipya kunatokea msiba kwao? Sinema zetu zimeishi kwa hadithi hiyo miaka na miaka. Tunajua na zinavyokwisha: ama mwenye jini anapata wazimu na kuanza kuokota makopo, ama mchungaji anaingia dakika tano kabla ya majina ya waigizaji kupita, anaombewa, anaanguka, anaamka mtu mpya, na waliotolewa kafara hakuna anayewauliza tena. Little Shop inakataa njia zote mbili. Kukataa huko ndiko nataka tukuzungumze jioni hii.

Niseme kwanza ulikotoka mchezo. Mbegu yake ni filamu ya bei poa ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Roger Corman, ambayo sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili. Humo Jack Nicholson, wakati huo kijana asiye na jina, anatokea kidogo tu kama mgonjwa anayefurahia kung'olewa jino. Miaka 20 na zaidi baadaye Howard Ashman, mzaliwa wa Baltimore, akaichukua hadithi hiyo, akaandika mazungumzo na mashairi ya nyimbo, akaongoza mwenyewe. Alan Menken akatunga muziki: ile mitindo ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, rock and roll, sauti za wasichana watatu wakiitikiana, mambo ya Motown, ile kampuni ya muziki ya Wamarekani weusi. Walianzia ukumbi mdogo wa WPA, watu hawafiki hata mia, Mei 1982. Julai wakahamia Orpheum, mtaa wa East Village, na mchezo ukakaa humo mpaka Novemba 1987. Maonyesho 2,209. Ashman hakuwa na hamu ya kuupeleka kwenye kumbi kubwa za Broadway. Alitaka mmea uwe karibu na magoti ya watazamaji. Ulifika Broadway mwaka 2003 tu, yeye akiwa amekwishafariki kwa UKIMWI, Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 40.

Kama jina lake ni geni kwenu, kazi yake si ngeni. Yule nguva wa Disney wa mwaka 1989, anayetamani miguu, ni Ashman na Menken hao hao. Wadogo zenu wanaimba nyimbo zake na hawajui kwamba bwana huyu alianza kujulikana kwa mmea unaotafuna daktari wa meno.

Sasa tuingie kwenye dhambi za Seymour, yule kijana wa duka la maua, kwa sababu ndizo zilizopangwa kwa ustadi kuliko kitu kingine chochote humo. Seymour Krelborn haamki asubuhi akaamua kuwa muuaji. Anashuka ngazi moja moja, na kila ngazi ni fupi kiasi kwamba hata sisi tuliokaa kitini tunashuka naye.

Ngazi ya kwanza ni damu yake mwenyewe. Hapo nani atamlaumu? Ya pili ni daktari wa meno, Orin Scrivello. Huyu ndiye mchumba wa Audrey, yule binti anayependwa na Seymour. Anavaa koti la ngozi, anapanda pikipiki, anaona raha kuwatesa wagonjwa, na nyumbani anampiga Audrey. Seymour anakwenda kliniki na bastola mfukoni. Ameazimia. Lakini Orin, kwa ulevi wake, anajifunga barakoa maalumu ya gesi ya kuchekesha ili afurahie kazi vizuri zaidi, na barakoa inakwama. Haivuki. Anakosa hewa huku anacheka. Anaomba msaada huku anacheka. Seymour amesimama na bastola yake. Hapigi risasi. Hafanyi lolote. Anamwangalia mpaka anakufa, kisha maiti yake anaulisha mmea.

Tazameni alichokifanya Ashman hapo. Anayekufa anacheka kwa sababu ya gesi. Hadhira inacheka kwa sababu anayekufa anacheka. Na Seymour amesimama kimya kama sisi tulivyokaa kimya, akitazama kama sisi tunavyotazama. Mtu ameuawa na ukumbi mzima umepiga makofi. Nimeona waongozaji wakiiharakisha sehemu hii ili wafike kwenye wimbo unaofuata. Wanapoteza moyo wa mchezo. Iacheni ichukue muda mpaka kicheko kianze kuwakera wenyewe wanaocheka.

Ngazi ya tatu ni Mushnik, bosi. Ameanza kumshuku Seymour, japokuwa alikwisha kumfanya mwanawe wa kuasili mara tu biashara iliponoga, wala si kabla. Seymour anamwambia mauzo ya siku ameyaficha ndani ya mmea. Mzee anaingiza kichwa. Hapa tena hakuna bastola wala kisu, kuna uongo mmoja tu, sentensi moja. Lakini kwa daktari alikaa kimya, kwa Mushnik amefungua mdomo. Kutoka kimya mpaka sentensi: huo ndio umbali wote wa kutoka mtu mpole mpaka muuaji, na Ashman ameupima kwa makini sana.

Halafu wanakuja wenye mikataba. Kipindi cha televisheni, jarida kubwa, ziara za kuhutubia. Seymour anaelewa kwamba akisaini atakuwa analisha watu mpaka mwisho wa maisha yake. Anataka kukataa. Karibu atubu hapo. Kinachomzuia si pesa hasa; ni hofu kwamba bila mmea, bila umaarufu, Audrey hatampenda, atarudi kuwa yule kijana wa kufagia majani. Anasaini. Baadaye kidogo anamuuliza Audrey kwa kuzungukazunguka: kama mmea usingekuwepo, ungenipenda? Na Audrey, bila kujua anachoulizwa, anamjibu kwamba angempenda tu.

Mnaona uzito wa jibu hilo? Watu wawili wameliwa kwa ajili ya kununua kitu ambacho kilikuwa bure. Audrey alikuwa akimpenda tangu duka likiwa halina mteja. Kwangu mimi hapo ndipo penye giza kuliko pote, na hakuna tone la damu. Mwigizaji wa Seymour akikosea hapo, mmea uwe mkubwa namna gani, mchezo umeshapotea.

Nikae kidogo na Audrey, maana ninyi mnaosomea uigizaji mtakutana naye siku moja, awe Mmarekani au Mswahili. Audrey anaingia jukwaani na jicho limevilia damu. Siku nyingine mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Anatoa visingizio. Watazamaji wa mwaka 1982 walicheka, na uandishi ulikusudia wacheke kidogo. Sisi nasi tunajua kicheko hicho: ni mara ngapi katika vichekesho vyetu mume anamkimbiza mke na mwiko na ukumbi unavunjika mbavu? Basi mimi nina msimamo. Acheni watu wamcheke Orin, ujinga wake, nywele zake, namna anavyojisifia mama yake kumshauri akawe daktari wa meno. Lile jicho lisichekwe. Mwigizaji wa Audrey asilifanyie madoido. Aingie nalo kama mtu anavyoingia kazini na kitu ambacho amekwisha kukizoea, na hilo litatosha kuwanyamazisha watu.

Ana wimbo mmoja wa kutamani, Audrey. Anatamani nyumba ndogo nje ya mji, yenye bustani, uzio wa waya, vyombo vya plastiki, makochi yaliyofunikwa nailoni yasichafuke, televisheni. Mtu mwenye nazo anacheka: hizo ndizo ndoto? Mtu wa Manzese au Mathare hacheki, kwa sababu ni ndoto zake kabisa. Nyumba isiyovuja na kochi lisilochafuka si mzaha. Ellen Greene, aliyemcheza Audrey tangu mwanzo kule New York na kisha kwenye filamu, aliuimba wimbo ule kwa sauti nyembamba, bila kukonyeza. Na hivyo ndivyo Ashman alivyotaka. Katika maelezo aliyoyatanguliza kwenye maandishi ya tamthilia anawaonya waigizaji: dhihaka imekwisha kuwekwa ndani ya maneno, wao wasiiongeze, wacheze kwa unyoofu, kwa ukweli na kwa upole, hata pale mambo yanapokuwa ya kichaa. Hilo ni gumu kuliko kuchekesha. Mwigizaji akisikia kicheko cha kwanza anataka cha pili, cha tatu anakitafuta kwa nyusi, na kufikia onyesho la pili mapenzi yamekufa na imebaki komedi ya mmea.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na mmea unachukua methali hiyo neno kwa neno. Usiku mmoja Audrey anakwenda dukani peke yake, mmea unamwomba maji kwa sauti ya kubembeleza, anasogea, unamkamata. Seymour anafika, anamvuta nje, lakini ameshachelewa. Anamfia mikononi. Na ombi lake la mwisho ni kwamba akifa mwili wake ulishwe mmea, ili Seymour apate yale mafanikio anayoyastahili, na yeye awe sehemu ya kitu chenye kijani, kama alivyotamani siku zote. Anarudia maneno ya wimbo wake ule wa nyumba ndogo. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na wengi hawajui walianza na kipi.

Seymour anamlisha. Ndiyo, anamlisha mwenyewe. Kisha anapiga risasi, anatia sumu, mmea haushtuki. Basi anachukua panga anaingia mdomoni kwa miguu yake. Mdomo unafunga. Panga linatemwa nje.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu. Mwaka 1986 mchezo ulifanywa filamu, mwongozaji akiwa Frank Oz, na Rick Moranis akamcheza Seymour. Walipiga mwisho ule ule wa jukwaani, tena kwa gharama kubwa: mimea mikubwa ikivunja majengo ya jiji, vifani vya mji vilivyojengwa kwa miezi. Wakaijaribu filamu mbele ya watu huko San Jose, California. Kila wimbo ulipigiwa makofi, mpaka Audrey na Seymour walipokufa. Ukumbi ukapoa. Oz alisimulia baadaye kwamba walihitaji asilimia 55 ya watazamaji waseme wataipendekeza kwa wenzao, walipata 13. Wakarudi kupiga mwisho mwingine, ambamo Seymour anamwokoa Audrey, anauua mmea kwa umeme, na wanaoana na kuhamia kwenye nyumba ile ya bustani. Kitumba kimoja cha mmea kinatabasamu kwenye maua ya uani, basi. Mwisho wa kwanza ulikaa kabatini hadi ulipotolewa tena mwaka 2012.

Maelezo ya Oz kuhusu kilichotokea ni somo la bure kwenu. Jukwaani, alisema, wanaokufa wanatoka baada ya pazia na kuinama, unawaona wazima, unawapigia makofi, roho inatulia. Kwenye filamu hawatoki. Waliokufa wamekufa. Nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana jukwaa linaruhusiwa kuwa katili kwa namna ambayo skrini hairuhusiwi, na ninyi mkiogopa kuua mtu jukwaani mnatupa silaha ambayo wenzenu wa filamu wanaitamani.

Ila watu wengi husema mwisho wa filamu ndio wenye ukombozi na wa jukwaani ni wa kukata tamaa. Mimi nasema kinyume. Kwenye filamu mwili wa Seymour ndio uliookolewa. Ana mke, ana nyumba, ana kochi. Daktari hayupo, Mushnik hayupo, na hakuna anayeuliza. Hiyo ni ile sinema yetu ya mchungaji wa dakika tano, tofauti ni suti tu. Kwenye jukwaa, Seymour anapoingia mdomoni na panga, anafanya kwa mara ya kwanza kitendo ambacho hakimletei faida yoyote. Hakuna mteja atakayeona. Hakuna Audrey wa kumpendeza. Aliyesimama kimya kwa daktari, aliyedanganya kwa Mushnik, sasa anapeleka mwili wake mwenyewe pale alipopeleka miili ya wenzake. Kwamba anashindwa halibatilishi kitu. Toba haina sharti la kufaulu. Najua mashehe na mapadri waliomo humu watanihoji kuhusu mtu anayejipeleka kwenye kifo, na wana haki. Nitawajibu kwamba alikwenda kuua mmea, hakwenda kufa, na mwigizaji lazima alijue hilo. Akiingia kama mtu aliyekata tamaa, mmenipinga. Akiingia kama mtu mwenye kazi ya kumaliza, mmenielewa.

Yapo mawili ya ufundi kabla sijakaa, maana najua yanawahusu zaidi kuliko falsafa yangu. Vikaragosi vya mmea vilibuniwa na Martin P. Robinson, ambaye pia ndiye aliyeingia ndani kuvichezesha, huku sauti ikitoka kwa mtu mwingine, Ron Taylor, nyuma ya jukwaa. Mtu wa ndani haoni vizuri, anatoka jasho, anafuata pumzi za mwimbaji asiyemwona. Vikaragosi viko vinne, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Kile cha pili Seymour anakipakata, na mkono mmoja unaoonekana ukiushika mtungi ni wa bandia. Mkono wake wa kweli umo ndani, unafungua na kufunga mdomo wa mmea. Mtazamaji hajui. Lakini mwigizaji anajua kwamba anayemwambia Seymour "nilishe" anaendeshwa na kiganja cha Seymour. Sijui kama kuna mwalimu wa uigizaji anayeweza kumfundisha mtu nafasi ile vizuri kuliko mtungi ule.

Na la pili: anayemcheza daktari wa meno, baada ya kufa, hapumziki. Anarudi kuwacheza watu wengine kibao, pamoja na wale wenye mikataba na yule bwana wa mwisho anayekuja kuchukua vikonyo vya mmea ili viuzwe nchi nzima. Sura ile ile iliyompiga Audrey inarudi na tai na kalamu. Kwa hiyo msimpe nafasi hiyo yule rafiki yenu mwenye misuli. Mpeni anayejua kubadilisha sauti, mwenye tabasamu la karani wa benki.

Nyimbo zinataka bendi ndogo tu, watu watano wanatosha, na wale wasichana watatu wa kuitikia najua mnao, nimewasikia wakipiga soga koridoni kwa sauti tatu tofauti. Haki za kuucheza mchezo zinaombwa na kulipiwa. Msiucheze kwa wizi, maana mtakuwa mmeanza na ngazi ya kwanza ya Seymour. Sasa nipeni maswali. Wewe uliyenyoosha mkono tangu nilipotaja vikaragosi, naona unataka kujua bei ya sponji ya kuvitengenezea. Anza.